Besi ya spika za zamani: yanayosemwa na ukweli wake

Spika kuukuu zilizofufuliwa na fundi mzuri zinaweza kutoa besi inayoshuka chini kuliko sabufa nyingi mpya za bei rahisi. Ila sababu zinazotajwa vijiweni mara nyingi sizo.

"Boksi kubwa ndilo lenye besi." Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, wakatoa spika ya AR-1. Boksi lake lilikuwa dogo, tena limezibwa kabisa; hewa iliyofungiwa ndani ndiyo iliyokuwa springi ya kuirudisha koni, ile sehemu inayotetemeka na kutoa sauti, mahali pake. Makabati mengi makubwa ya enzi hizo hayakuifikia kwa besi. Kwa hiyo spika ya aina hii ikiwa na ufa, anza na ufa. Hewa ikivuja, besi imekwenda.

"Vitu vya zamani havifi." Koni ya karatasi hudumu, kweli. Sponji ya ukingo wake, kwa spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980, haidumu: ukiigusa kwa kidole inapukutika. Kapasita nazo, vile vipande vidogo vya umeme ndani ya boksi, hukauka. Fundi anayejua kazi hutafuta ukingo wa saizi na ulaini ule ule, huiweka koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni, unaocheza ndani ya sumaku) katikati kabla gundi haijashika, kisha huisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Koili ikikwaruza, anabandua na kuanza upya. Ukingo ukiwa mgumu mno, noti za chini kabisa ndizo zinazotangulia kupotea.

"Wati nyingi, besi nyingi." Kuongeza wati maradufu kunakupa desibeli 3 tu, ongezeko dogo kwa sikio. Maelfu ya wati za PMPO, yaani kilele cha nguvu cha kutangazia biashara, yaliyoandikwa kwenye sabufa yapuuze.

"Besi haipo, basi spika mbovu." Hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Wimbi la hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde), karibu na uzi mnene wa gitaa la besi, lina urefu wa mita 8.6. Chumba cha mita 4.3 kinabeba nusu yake: sauti hiyo inajaa kwenye kuta mbili na kufifia katikati. Aliyeweka kochi katikati ya sebule atamlaumu fundi bure. Alisogeze nyuma kwanza, asikilize tena. Pia kagua nyaya. Spika moja ikiungwa kinyume, koni moja inatoka nje wakati mwenzake inaingia ndani, na besi zinauana. Zima amplifaya, geuza nyaya za spika moja tu, washa wimbo ule ule: muungo wenye besi zaidi ndio sahihi.