Fomu ya Mwisho wa Muhula Haitoshi: Wanafunzi na Walimu Wanavyoweza Kurekebisha Ufundishaji wa Udaktari

Wiki ya mwisho ya mzunguko wa wodini, yaani kipindi cha kujifunzia wodi moja, mwanafunzi wa mwaka wa 4 anapewa fomu yenye maswali 25, kila moja la kutiki kuanzia 1 hadi 5. Kesho yake ana mtihani. Anatiki 4 kutoka juu hadi chini, anairudisha, anaondoka. Wastani unatoka, taarifa inaandikwa, faili linafungwa. Mwezi unaofuata kundi jingine linaingia wodi ileile na kukuta yaleyale: raundi ya kupita kitanda kwa kitanda na daktari ambayo walio nyuma hawasikii kitu, mhadhara uliohamishwa bila taarifa, na dawa ambayo darasani inafundishwa hivi na wodini inatumika vile.

Maoni yaliyokusanywa baada ya kozi kuisha hayamsaidii aliyeyatoa, naye analijua hilo vizuri. Ndiyo maana anatiki 4 tupu. Kinachobadilisha ufundishaji ni wanafunzi na walimu kukaa meza moja kozi ikiwa bado inaendelea, wakachukua tatizo moja dogo, wakalipima na kulirekebisha kabla kundi hilo halijaondoka. Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba, katika viwango vyake vya mwaka 2015, lilitaka kila chuo cha udaktari kiwe na sera ya kuwashirikisha wanafunzi katika kubuni, kuendesha na kutathmini mtaala. Sera kwenye karatasi ni rahisi kuipata. Kazi ipo kwenye utekelezaji.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhadhiri wa famakolojia, yaani somo la dawa, haoni kinachofundishwa wodi ya watoto, na daktari bingwa wa wodi ya watoto hajui famakolojia waliishia mada gani. Anayepita kote kuwili ni mwanafunzi. Yeye peke yake ndiye anayeuona mtaala wote kwa mpangilio wake halisi, pamoja na mahali ulipochanika.

Timu ya kozi moja isizidi watu 8. Wanafunzi 4, wahadhiri 2, muuguzi 1 wa wodi wanakofundishwa na mtu 1 wa ofisi ya ubora au elimu ya tiba, ambaye ndiye anayeongoza kikao. Kwenye mzunguko wa wiki 8, kikao cha kwanza kiwe wiki ya 2, cha pili wiki ya 4, cha tatu wiki ya 7, kila kimoja dakika 45. Wanafunzi wasichaguliwe na kiongozi wa darasa peke yake, maana ataleta marafiki zake wanaokaa mbele. Wapatikane kwa kura, na mmoja awe anarudia mwaka au aliwahi kufanya mtihani wa marudio. Huyo anajua mambo ambayo wenye alama za juu hawajawahi kukutana nayo.

Mfano mzuri wa tatizo la kuanzia ni raundi. Shahada ya udaktari Tanzania ni miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, na sehemu kubwa ya miaka ya mwisho mwanafunzi anajifunzia kando ya kitanda. Tangu mafunzo haya yaanze Dar es Salaam mwaka 1963, katika shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, madarasa yamekuwa makubwa mara nyingi zaidi. Kitanda ni kilekile. Wakisimama bingwa, madaktari wanaosomea ubingwa, madaktari wa mafunzo kwa vitendo, muuguzi na wanafunzi 18, mstari wa tatu unaona mabega tu. Bingwa ana wagonjwa 30 wa kuwaona kabla ya saa 6 mchana, na anazungumza kwa sauti ya chini ili kutunza siri ya mgonjwa, jambo ambalo ni sahihi. Wanafunzi wanaandika kwamba hakuna kinachofundishwa. Bingwa anasema anafundisha kila siku. Wote wawili wanasema kweli.

Ubishi wa aina hii hauishi kwa hoja, unaisha kwa kuhesabu. Kwa siku 5, wanafunzi 2, bingwa akijua na akiwa amekubali, waandike mambo 4 tu: raundi imechukua dakika ngapi, wagonjwa wangapi wameonwa, maswali mangapi ameulizwa mwanafunzi, na wanafunzi wangapi wamemgusa mgonjwa. Karatasi moja inatosha. Kazi hii isifanyike kwa siri hata kidogo. Bingwa akigundua baadaye kwamba alikuwa anahesabiwa, hatakuja tena kwenye kikao na hutamlaumu.

Mara nyingi hesabu hiyo inaonyesha kwamba raundi ya kazi na raundi ya kufundisha zimechanganywa. Zitenganishwe. Raundi ya kazi iende kasi yake, wanafunzi 6 tu wakiifuata. Wengine 6 wachukue historia za wagonjwa wapya, na 6 wabaki na daktari anayesomea ubingwa kwenye chumba cha kuwafanyia wagonjwa tiba ndogondogo. Kesho wanabadilishana. Baada ya raundi, bingwa anarudi kwa wagonjwa 2 waliochaguliwa tangu jana, dakika 15 kila mmoja, kwa kundi la watu 6.

Ndani ya dakika hizo 15 kuna njia fupi iliyoelezwa na Jon Neher na wenzake mwaka 1992, yenye hatua 5: mwanafunzi atoe uamuzi, aulizwe ushahidi, mwalimu afundishe kanuni moja, ataje kilichofanywa vizuri, kisha asahihishe kosa. Kwa mgonjwa anayehema na kuvimba miguu, inakuwa hivi:

"Unadhani ana nini?"
"Moyo umeshindwa kufanya kazi vizuri, daktari."
"Umeona nini kinachokupeleka huko?"
"Mshipa wa shingo umejaa, miguu imevimba, na usiku hawezi kulala chali."
"Sawa. Mshipa wa shingo uutazame mgonjwa akiwa ameegemea nyuzi 45. Akilala chali kabisa, hata wa mtu mzima wa afya unaweza kuonekana umejaa. Umefanya vizuri kumuuliza analalia mito mingapi. Lakini hukusikiliza chini ya mapafu kwa nyuma. Rudi usikilize, halafu uniambie."

Hazikuisha dakika 3. Mazungumzo haya yafanyike mbali na kitanda ikiwa mgonjwa bado hajaelezwa ugonjwa wake, maana si haki alisikie jina la ugonjwa huo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanafunzi. Watu wengi hudhani njia hii ni ya kumfundisha mwalimu peke yake. Wafundisheni wote, saa 1 tu, chumba kimoja. Mwanafunzi anayezijua hatua hizo hangoji kuulizwa; anaanza mwenyewe kwa uamuzi na ushahidi, na mwalimu aliyechoka anajikuta ameshafika hatua ya tatu.

Muuguzi naye hayupo kwenye timu kwa heshima tu. Yeye ndiye anayejua mgonjwa yupi ameshapapaswa tumbo na wanafunzi 5 tangu asubuhi. Awe na mamlaka ya kuliondoa jina la mgonjwa kwenye orodha ya siku hiyo bila kujieleza kwa mtu. Na ruhusa ya mgonjwa iombwe kila mara, hata kama jana alikubali.

Sehemu ya pili ambapo ushirikiano unalipa haraka ni maswali ya kuchagua jibu, na hapa walimu wengi wanaogopa kuvuja kwa mtihani. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo wanafunzi wasiguse hazina ya maswali ya mtihani wa mwisho. Waingie kwenye majaribio ya katikati ya kozi, baada ya matokeo kutoka. Fanyeni hivi. Darasa ni la watu 200. Panga karatasi kwa alama, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, yaani watu 54 na watu 54. Kwa kila swali hesabu waliopata kwenye kila kundi. Tuseme swali la 12 wamelipata 40 wa juu na 22 wa chini. Jumla yao 62 gawanya kwa 108, unapata 0.57: hicho ni kipimo cha wepesi, na swali linalokaa kati ya 0.3 na 0.8 kwa kawaida halina neno. Kisha 40 toa 22, gawanya kwa 54, unapata 0.33: hicho ni kipimo cha kutofautisha anayejua na asiyejua. Kikiwa juu ya 0.2 swali linafanya kazi yake.

Sasa tazama swali la 31: wa juu 19, wa chini 30. Jibu ni hasi 0.20. Waliosoma wamekosa, wasiosoma wamepata. Jambo la kwanza ni kukagua kama ufunguo wa majibu umekosewa. Kama ufunguo ni sahihi, mpelekee mwanafunzi swali hilo. Atakuambia kwamba slaidi za darasani zilitaja dawa ya kwanza kwa mwongozo wa matibabu wa zamani, ila wodini wameona mwongozo mpya ukitumika, kwa hiyo waliohudhuria wodi kwa bidii ndio walioadhibiwa. Namba inakuambia swali linaumwa. Mwanafunzi ndiye anayekuonyesha linauma wapi. Hakuna kompyuta itakayokupa habari hiyo.

Mitihani ya vitendo ya vituo, ambamo mtahiniwa anapita kituo hadi kituo na kufanya kazi moja kila kituo, na ambayo Ronald Harden na wenzake waliitambulisha Dundee, Uskoti, mwaka 1975, ina ugonjwa wake. Kituo cha dakika 5 kinaagiza mwanafunzi apime shinikizo la damu, na kwenye orodha ya alama kuna mstari unaosema amwache mgonjwa apumzike dakika 5 kabla ya kupima. Haiwezekani. Matokeo yake mtahiniwa anakariri kwa sauti, "ningemwacha apumzike," anapata alama, na anatoka akiwa amejifunza kwamba jambo hilo ni la kusema, si la kufanya. Vituo vyote vijaribiwe wiki moja kabla na madaktari wa mafunzo kwa vitendo, ambao wamevipita juzi tu na hawana mtihani huo tena. Saa mkononi, kengele ikilia wanaacha. Kituo ambacho wao hawakukimaliza kirekebishwe.

Wanafunzi wa mwaka wa 5 kuwafundisha wa mwaka wa 3 kwenye maabara ya stadi kunafaa sana kwa kuweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), kushona kidonda na kufufua mgonjwa kwa mdoli. Sharti ni moja: mwalimu awapime hao wakufunzi kwanza, kwa orodha ileile watakayoitumia. Bila hivyo, kosa la mmoja, mfano kurudishia kifuniko cha sindano kwa mikono miwili, litakuwa kosa la darasa zima.

Yanayoharibu kazi hii yanajulikana. La kwanza ni woga. Anayekosolewa ndiye anayesaini kitabu cha kumbukumbu za mazoezi ya mwanafunzi. Kwa hiyo maoni ya kundi lenye majibu pungufu ya 8 yasitolewe kabisa, na maneno ya kuandikwa kwa mkono yasipelekwe kwa mwalimu yalivyo, kwa sababu mwandiko na namna ya kuandika vinajulikana. Kikaoni nako, kijana aliyeingia kwa shikamoo hatampinga mkuu wa idara mbele ya watu. Kumwambia "kuwa huru" hakumfungui mdomo. Anzeni na kadi: kila mtu aandike hoja moja, mwongozaji azichanganye na kuzisoma. Kisha wanafunzi waseme kwanza, mkuu wa idara awe wa mwisho.

La pili, ambalo halisemwi sana, ni kwamba wanafunzi hawako sahihi kila mara. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushughulishwa walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Mwanafunzi wa udaktari anayelalamika kwamba anaulizwa maswali bila kuandaliwa huenda analalamikia kile kinachomjenga. Akidhalilishwa mbele ya mgonjwa, hilo ni jambo jingine na likomeshwe. Akitoka jasho tu, aelezwe sababu, na njia iachwe ilivyo.

La tatu ni malipo. Wapeni wanafunzi wa timu barua ya kuthibitisha saa walizofanya kazi. Msiwape alama, kwani siku hiyohiyo waliobaki nje wataanza kusema timu ni ya kujipendekeza.

Ndani ya siku 10 za kazi baada ya kila kikao, karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa wodi na kutumwa kwenye kundi la darasa la WhatsApp. Iwe na safu 3: mlichosema, tulichofanya, na tusichoweza kufanya pamoja na sababu yake. Safu ya tatu ndiyo inayosomwa zaidi. "Hatuwezi kuongeza vitanda, lakini kuanzia Jumatatu kundi linagawanywa kwa 6" ni jibu ambalo mtu mzima analielewa.

Baada ya wiki 8 wanafunzi hao 4 watahamia upasuaji au uzazi, na kila kilichozungumzwa kitaondoka nao kama hakuna faili. Liwe jembamba: karatasi za hesabu ya raundi, maswali yaliyobainika kuwa mabovu, karatasi za ubaoni, na orodha ya mambo yaliyobaki yenye jina la mwalimu aliyeyapokea. Mwanafunzi mmoja kati ya wanaoondoka arudi kwenye kikao cha kwanza cha kundi jipya, akae dakika 20, alipitie faili hilo nao ukurasa kwa ukurasa, kisha awahi zamu yake.