Redio ya Ridhaa Pwani: Ujue Umeme Wako Kabla ya Kubonyeza Kitufe

Malalamiko ya mwingiliano wa mawimbi kutoka Malindi na Lamu yameongezeka, tena yamebadilika sura. Nahodha wa boti anasema chaneli ya 16, ile ya dharura za baharini, inanguruma kila ikifika magharibi. Mama mmoja wa Shela anasema redio yake ya FM inaingiliwa na sauti ya mwanamume anayetaja herufi na nambari kwa Kiingereza. Sisi tunaopokea malalamiko hayo na maombi ya leseni, tukifuatilia kwa mitambo, mara nyingi hatumkuti mhalifu. Tunamkuta kijana mwenye hamu ya redio, transiva (redio ya kutuma na kupokea) nzuri tu, na nyaya za aibu.

Kwa kuwa wapo wengi wanaojiandaa kuomba leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya mtu kwa hamu yake, si ya biashara, tumeona heri tueleze upande wa umeme, maana huko ndiko makosa yanakozaliwa. Maelezo haya hayachukui nafasi ya sheria wala ya masharti yaliyoandikwa kwenye leseni yako. Yakigongana, leseni ndiyo inayoshika.

Na tusiambiwe kwamba mambo ya mawimbi ni ya Nairobi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Watu wa Malindi wamekaa na antena kubwa mlangoni kwa zaidi ya nusu karne.

Kanuni ya Ohm mliisoma shuleni, siirudii. Volti ni ampia mara omu, wati ni volti mara ampia, basi. Shida ni kwamba mtu huijua kwenye karatasi akaisahau akishapanda darini. Chukua transiva ya kawaida ya wati 100. Ikituma hula kama ampia 20 kwa volti 13.8, na watengenezaji wengi huruhusu volti hiyo ipande au ishuke kwa asilimia 15. Chini ya volti 11.7 usitegemee kazi safi. Sasa betri umeiweka chini, redio iko orofani, mita 5 kati yao. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10 za waya. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule ule wa soketi za nyumbani, una ukinzani wa kama omu 7.4 kwa kilomita. Mita zako 10 ni omu 0.074. Zidisha kwa ampia 20: volti 1.5 zimepotelea njiani. Betri iliyojaa na kutulia ina volti 12.6, kwa hiyo redio inapata 11.1, na hapo hatujahesabu kwamba betri yenyewe hulegea ikibebeshwa mzigo. Sauti inakwaruza, mawimbi yanachafuka, jirani analalamika, nawe unailaumu antena. Ukitumia waya wa milimita 6 za mraba hasara inashuka hadi kama volti 0.6. Kuisogeza betri karibu na redio ni bora zaidi, na hakuna gharama.

Waya usiununue kwa kuutazama unene. Upo unaouzwa sana ambao ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka.

Fyuzi. Hapa naomba tuelewane, kwa sababu jambo hili tumelisema hadi tumechoka. Fyuzi kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya, ndiyo maana inakaa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, si nyuma ya redio. Kwenye boti moja ya uvuvi tulikuta kishikio cha fyuzi kimezungushiwa utepe mweusi. Tulipoubandua, ndani hamkuwa na fyuzi. Mlikuwa na nyuzi 3 za shaba zilizosokotwa pamoja, zimeungua zikawa zambarau, na plastiki imeyeyuka ikabaki na alama ya kidole cha aliyeigusa ikiwa moto. Tangi la petroli lilikuwa chini ya ubao ule ule. Mwenye boti akasema, "Volti 12 haipigi mtu." Ni kweli, mkono mkavu hautaisikia. Lakini betri ya gari ikiunganishwa ncha kwa ncha hutoa mamia ya ampia kwa mpigo. Pete kidoleni huwa nyekundu kama kaa, na mvuke wa petroli hausubiri kuuliza ni volti ngapi. Transiva ya wati 100 itilie fyuzi ya ampia 25 au ile iliyotajwa kwenye kitabu chake. Ikikatika, tafuta sababu. Usitie kubwa zaidi.

Wenye sola nao wana lao. Paneli inayouzwa kama "ya volti 12", ikiwa juani bila mzigo, hutoa volti 21 au 22. Kuna watu wameichomeka moja kwa moja kwenye redio, kisha wakatuandikia kuuliza kama tunajua fundi. Kati ya paneli na betri lazima pawe na kidhibiti chaji, na redio ipate umeme wake kutoka kwenye betri. Vidhibiti vya bei ya chini vina mngurumo wao unaojaa kwenye kipokezi. Ukisikia kelele inayokuja na jua na kuondoka na jua, usitafute mbali.

Vijenzi vyenyewe havina maajabu. Rezista hupunguza mkondo na kugawa volti. Rangi zake zinakaririka: kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000, manjano, zambarau, nyekundu ni omu 4,700. Kinachosahaulika ni wati zake. Kila anayeanza tunamhimiza atengeneze mzigo bandia, yaani kitu cha kula nguvu za redio badala ya antena, ili ajaribu mitambo bila kusumbua mtu. Kwa redio ya mkononi ya wati 5, chukua rezista 20 za kaboni za omu 1,000, kila moja ya nusu wati, uziunganishe zote ubavu kwa ubavu kati ya vibati viwili vya shaba. Elfu moja gawa kwa 20 ni omu 50, ndiyo inayotakiwa na redio, na kwa pamoja zinabeba wati 10. Ziwe za kaboni, si zile za waya uliozungushwa, kwa sababu hizo ni koili zilizojificha. Kata miguu iwe mifupi iwezekanavyo. Ni kazi ya jioni moja, na ingetupunguzia sisi safari nyingi za feri.

Koili (waya uliozungushwa) na kapasita (kihifadhi chaji) zikikutana ndipo redio inapokuwa redio, maana hizo ndizo zinazochagua masafa, yaani kasi ya mawimbi kutetemeka, inayopimwa kwa megahezi. Koili ya mikrohenri 1 na kapasita ya pikofaradi 100 huitikiana kwenye megahezi 15.9 hivi. Ongeza kapasita mara 4, iwe pikofaradi 400, na masafa hushuka nusu, karibu megahezi 8. Hushuka nusu, hayashuki robo, kwa sababu hesabu ina kipeuo cha pili. Kwenye mitihani hapo watu wengi huteleza.

Kapasita kubwa ina hatari yake. Huhifadhi chaji kama birika la nyumba ya Kiamu linavyohifadhi maji hata mfereji ukifungwa. Umeme wa nyumbani ni volti 240, na ndani ya kigeuza umeme cha kisasa ukishanyooshwa kuwa DC (umeme wa upande mmoja) hufika karibu volti 340. Vikuza nguvu vya valvu hupita volti 2,000. Kuzima swichi hakuondoi kitu. Chomoa plagi ukutani, subiri, pima kwa mita, mwaga chaji kupitia rezista yenye wati za kutosha, kisha pima tena kabla ya kutia mkono. Bisibisi si chombo cha kumwagia chaji, aliyewafundisha hivyo ana bahati tu.

Dayodi hupitisha mkondo upande mmoja. Naitaja kwa sababu wengi wenu mnazo dayodi msizozinunua. Hewa yetu ya chumvi hula kila kiungo. Fungua konekta ya antena iliyokaa nje mwaka mmoja bila kuzibwa: utakuta unga wa kijani umejaa kwenye uzi wa katikati, na wavu wa kebo umekuwa mweusi unaovunjika ukiukunja. Kiungo cha namna hiyo, au bati lenye kutu lililogusana na mlingoti, hufanya kazi kama dayodi. Huyachukua mawimbi yako safi na kuyazidisha masafa yake mara 2, mara 3, mara 4. Anayetuma kwenye megahezi 50.5, mara yake ya 2 ni megahezi 101, katikati ya redio za FM. Hivyo ndivyo mama wa Shela alivyoletewa mgeni asiyemwalika. Transiva ilikuwa haina kosa. Dawa yake ni kulehemu vizuri, utepe wa mpira unaojigandisha, grisi isiyopitisha maji, na kufungua kila kitu na kukikagua kabla ya kusi kuanza. Kichujio kinachopitisha masafa ya chini na kuzuia ya juu kwenye njia ya antena kinasaidia, lakini hakitibu kutu iliyo mbele yake.

Sasa leseni. Redio ya mkononi inayouzwa madukani kwa bei ndogo mara nyingi hufunguka kuanzia megahezi 136 hadi 174. Kufunguka si ruhusa. Katika ukanda huo, sehemu ya ridhaa kwa eneo letu ni megahezi 144 hadi 146 tu. Megahezi 156.8 ndiyo chaneli ya 16, ya dharura za baharini, na si mahali pa kujaribia redio mpya. Aliye katika hatari ya kufa maji atumie njia yoyote aliyonayo. Hilo halina mjadala. Asiye katika hatari akae kwenye masafa yake.

Maombi huenda hivi. Unasoma na kufaulu mtihani unaotambuliwa. Unajaza fomu ukiambatisha nakala ya kitambulisho na cheti. Unaeleza stesheni itakuwa wapi, kwa jina la mtaa na, ukiweza, kwa nyuzi za ramani. Unataja aina ya kifaa, nambari yake, wati zake, masafa utakayotumia, aina ya antena na urefu wake kutoka ardhini. Unalipa ada na kutunza risiti. Unasubiri. Kusubiri maana yake ni kusikiliza bila kutuma. Kusikiliza ni elimu tosha. Ukikubaliwa unapewa ishara ya kuitia, yaani herufi na nambari za kujitambulisha hewani. Kenya imetengewa zinazoanza na 5Y na 5Z, na wengi wa ridhaa wana 5Z4. Ishara hiyo ni yako wewe, haiazimwi kwa shemeji wala haiendi na redio ukiiuza. Leseni ikiisha muda, huna leseni. Swali la "lakini nilikuwa nayo mwaka jana" tumelijibu vya kutosha.

Na hapana, leseni ya ridhaa si ya biashara. Huwezi kuitumia kupanga wageni wa hoteli, kuita boti za kwenda Manda au kuuliza bei ya kamba. Biashara ina leseni yake. Wala wati 5 hazikutoi kwenye sheria: Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 haiangalii kama redio yako inatosha mfukoni. Anayetuma bila leseni anaweza kushtakiwa, akipatikana na hatia apigwe faini au afungwe au vyote viwili, na kifaa kitwaliwe. Mwenye leseni anayesababisha mwingiliano huagizwa kwanza arekebishe. Wengi hurekebisha, na mambo huishia hapo.

Wa Mji wa Kale wa Lamu wana jambo moja zaidi. Mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla hujatoboa ukuta au kusimamisha boriti ya mkoko juu ya dari, zungumza na watu wa Makavazi ya Kitaifa. Antena ya waya ya nusu wimbi kwa megahezi 7.1 inahitaji kama mita 20 tu, na inaweza kutandazwa kati ya dari mbili bila kuharibu chochote, jirani akiridhia. Ridhaa yake ipate kwa maandishi. Pamoja na fomu, leta mchoro wa mkono unaoonyesha betri, fyuzi, waya na milimita zake, redio, kichujio, antena na athi (waya wa kwenda ardhini). Usipoonyesha fyuzi iko wapi, tutakurudishia.