Kombe la Mabara la kuruka kwa ski: jinsi ya kuufuata msimu wa daraja la pili

Wengi wetu huuona mchezo wa kuruka kwa ski mara moja kwa miaka minne, Olimpiki ya majira ya baridi inaporushwa kwenye runinga. Wengine huudhani ndio mchezo wa Mkenya Philip Boit, aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Sivyo. Boit alikuwa wa mbio ndefu za ski, ambako mtu huhangaika kwa miguu na mikono kilomita kadhaa. Mrukaji hana hata fimbo za kujisukuma. Huteremka njia nyembamba kwa mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa, hujifyatua ukingoni na kuelea mpaka miguu iguse mteremko wa chini.

Kinachoonekana Olimpiki ni paa la nyumba. Nguzo zake ni mashindano ya kila wiki ambayo runinga nyingi haziyagusi. Juu kabisa kuna Kombe la Dunia. Chini yake lipo Kombe la Mabara, lililoanza kuitwa hivyo msimu wa 1993/94 likichukua nafasi ya Kombe la Ulaya. Ngazi ya tatu ni Kombe la FIS, lililoanza 2005/06 na kubeba jina la shirikisho la kimataifa la ski, lililoundwa Chamonix mwaka 1924. Hapa tunaeleza zaidi lile la kati, kwa sababu humo vijana wanaopanda hukutana uso kwa uso na wakongwe wanaoshuka.

Ngazi hizi hazifanani na ligi zetu za mpira, ambako timu za mkiani hushuka na nyingine hupanda msimu ukiisha. Hapa mlango hufunguliwa na pointi. Asiye na pointi hata moja ya Kombe la FIS au ya mashindano ya juu yake haruhusiwi kuanza Kombe la Mabara, na asiye na pointi ya Kombe la Mabara au ya juu yake haruhusiwi kuanza Kombe la Dunia. Pointi hutolewa kwa watu 30 wa kwanza, kwa hiyo nafasi ya 30, yenye pointi moja tu, inaweza kuwa na uzito kuliko inavyoonekana kwenye orodha. Kijana wa miaka 17 akimaliza wa 30 amepata hati yake ya kusafiria. Akimaliza wa 31 arudi tena wiki ijayo.

Pointi zenyewe ni hizi: mshindi 100, wa pili 80, wa tatu 60, wa nne 50, wa tano 45, wa sita 40, kisha 36, 32, 29 na 26 kwa wa kumi. Kuanzia hapo hushuka taratibu hadi moja. Pengo kubwa liko juu. Mrukaji anayeshinda siku mbili na kuanguka nje ya 30 siku mbili ana pointi 200, ilhali aliyekuwa wa tano siku zote nne ana 180. Mfumo unampendelea anayeshinda, hata kama hatabiriki. Msimu pia hukatwa vipande, na anayefanya vizuri zaidi katika kipande kimoja huiletea nchi yake nafasi ya ziada ya kuanza Kombe la Dunia katika kipande kinachofuata. Ndiyo maana utaona nchi kama Austria au Norwei, zenye warukaji wengi kuliko nafasi, zinapeleka Kombe la Mabara watu ambao wangekuwa nambari moja katika timu nyingi nyingine.

Wakongwe nao hupitia njia hiyohiyo. Mjapani Noriaki Kasai, aliyezaliwa 1972, alishindana tena Kombe la Dunia mjini Sapporo Februari 2024 akiwa na miaka 51, baada ya kupitia Kombe la Mabara.

Ratiba ya baridi huanza Desemba na kumalizika Machi, na majira ya joto yana msururu wake wenye hesabu tofauti. Wakati huo hakuna theluji: mteremko wa kutua hufunikwa kwa mikeka ya plastiki inayomwagiliwa maji ili iteleze, na njia ya kushukia huwa ya kauri. Viwanja vinavyorudi mara kwa mara ni vya Ulaya ya kati na ya kaskazini, kama Engelberg nchini Uswisi, Garmisch-Partenkirchen na Brotterode nchini Ujerumani, Bischofshofen nchini Austria, Zakopane nchini Polandi, na Lillehammer na Rena nchini Norwei. Kuna misimu msafara huvuka bahari hadi Sapporo au Iron Mountain, katika jimbo la Michigan, Marekani. Safari hizo ndefu hupunguza idadi ya washiriki, na anayemudu kusafiri huvuna pointi penye ushindani mwepesi kidogo. Unapoona jedwali limepinduka ghafla, angalia kwanza mashindano yalifanyika wapi.

Wikendi moja kwa kawaida ina mashindano mawili, pengine matatu. Huanza na mazoezi rasmi, na siku ya shindano kuna mruko wa majaribio, kisha raundi ya kwanza ya wote. Bora 30 huingia raundi ya pili kwa mpangilio wa kinyume: wa 30 anaanza, kiongozi anamaliza. Alama za raundi mbili hujumlishwa. Upepo au theluji ikizuia raundi ya pili, matokeo ya raundi ya kwanza ndiyo matokeo, na pointi hutolewa zote. Jambo hili hutokea mara nyingi, kwa hiyo mrukaji anayengoja raundi ya pili ndipo afanye vizuri anacheza kamari.

Sasa alama za mruko mmoja, mahali ambapo watazamaji wengi hupotea. (Tunatumia neno alama kwa mruko na pointi kwa msimu. Watangazaji huyachanganya.) Kila kilima kina nukta K, pale mteremko wa kutua unapoanza kupungua ukali, na kipimo cha ukubwa kiitwacho HS, ambacho ni mpaka wa kutua kwa usalama. Anayetua sawasawa kwenye nukta K hupata alama 60. Kwenye kilima kikubwa, chenye K ya mita 100 na kuendelea, kila mita ya ziada huongeza 1.8 na kila mita pungufu hutoa 1.8. Kwenye kilima cha kawaida mita moja ni alama 2.

Tuseme kilima kina K ya mita 125 na HS ya mita 140, na mrukaji ametua mita 131.5. Amezidi K kwa mita 6.5. Ukizidisha kwa 1.8 unapata 11.7, kwa hiyo umbali umempa 71.7. Waamuzi watano wa mtindo, kila mmoja akiwa na alama zisizozidi 20, wametoa 17.0, 17.5, 18.0, 18.0 na 18.5. Ya chini na ya juu hufutwa, zinabaki 53.5. Upepo ulimbeba kutoka mbele, amekatwa 4.2. Jumla: 71.7 na 53.5 ni 125.2, toa 4.2, inabaki 121.0.

Umbali husomwa kwa nusu mita, katikati ya miguu miwili inapogusa theluji. Waamuzi wa mtindo hutazama utulivu hewani, kutua na mwendo baada ya kutua. Kutua kunakotakiwa huitwa telemaki: mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, magoti yamekunjwa, mikono pembeni. Anayetua miguu sambamba hukatwa alama na kila mwamuzi. Hata zikiwa 2 tu, kwa kuwa watatu ndio wanaohesabiwa, hizo ni alama 6, yaani zaidi ya mita 3 kwenye kilima kikubwa. Mbona basi wengi hushindwa? Kwa sababu anayetua mbali sana hukuta mteremko umeanza kulala, mguu unapigwa na uzito mkubwa, na telemaki inakuwa hatari.

Upepo ndio unaowachanganya watu kabisa. Kwenye mchezo huu upepo wa mbele ni rafiki: hujaa chini ya ski zilizopanuliwa kwa umbo la V na kumnyanyua mtu. Upepo wa nyuma humsukuma chini. Tangu mfumo wa fidia ulipojaribiwa majira ya joto ya 2009, vipimo vilivyopangwa kando ya mteremko hutoa wastani, aliyebebwa hukatwa na aliyekandamizwa huongezwa. Kabla ya hapo, hali ya hewa ikibadilika katikati, raundi ililazimika kuanza upya. Mfumo si kamili, maana kipimo husoma mahali kilipo tu, na upepo wa mduara karibu na ukingo unaweza kumharibia mtu bila kuonekana kwenye wastani. Ila ni bora kuliko kurudia raundi hadi giza liingie.

Fidia hiyo ina mwenzake, boriti ya kuanzia, ile ambayo mrukaji hukaa juu yake kabla ya kuteremka. Warukaji wakianza kuruka mbali kupita kiasi, jopo la majaji huishusha ili kupunguza mwendo, na wanaoanzia chini huongezwa alama. Kocha naye anaweza kuomba boriti ishushwe kwa mrukaji wake, lakini hapo mrukaji lazima afike asilimia 95 ya HS ndipo alama za ziada zihesabiwe. Kwenye kilima chenye HS ya mita 140 hiyo ni mita 133. Akitua 132.5 amepoteza mwendo na fidia pia. Uamuzi huo ni wa kocha mwenye uhakika, au mwenye papara.

Vifaa ndivyo huangusha watu bila kelele. Urefu wa ski hauzidi asilimia 145 ya urefu wa mrukaji: mwenye sentimita 180 anaruhusiwa sentimita 261. Urefu huo hufungwa kwenye uwiano wa uzito na kimo. Anayekonda chini ya kiwango hupunguziwa ski. Kanuni hiyo iliwekwa kuzuia vijana kujinyima chakula ili waelee, kwani wepesi ulikuwa umegeuka silaha. Suti nayo hupimwa unene, jinsi inavyopitisha hewa na jinsi inavyokaa mwilini. Suti iliyolegea, hasa katikati ya miguu, hugeuka tanga la jahazi. Machi 2025, kwenye Mashindano ya Dunia mjini Trondheim, warukaji wawili wa Norwei waliondolewa kwenye matokeo ya kilima kikubwa baada ya kubainika nyuzi za kukazia zilizoshonwa ndani ya suti kinyume cha kanuni, na tangu hapo ukaguzi umekazwa. Kwenye daraja la pili makosa mengi ni ya kawaida kuliko hayo: kijana amepungua kilo moja safarini, au suti iliyokatwa majira ya joto haimkai tena.

Kwa wanawake historia ni tofauti. Kombe lao la Mabara lilipoanza 2004/05 halikuwa daraja la pili la kitu chochote. Lilikuwa ndiyo kilele, na Mnorwei Anette Sagen aliitawala misimu ya mwanzo. Kombe la Dunia la wanawake lilianza Lillehammer Desemba 2011, ambako Mmarekani Sarah Hendrickson alishinda shindano la kwanza, na Olimpiki ikawafungulia mlango Sochi mwaka 2014. Kwa hiyo ukilinganisha ushindi wa Kombe la Mabara wa 2007 na wa leo, unalinganisha vitu viwili.

Ukifungua karatasi ya matokeo utakuta vifupisho. DNS ni aliyeandikishwa lakini hakuanza, mara nyingi kwa ugonjwa au kwa kuitwa Kombe la Dunia usiku uliotangulia. DSQ ni aliyeondolewa, kwa kawaida kwa vifaa. Kwenye safu ya upepo, namba yenye alama ya kutoa ina maana alibebwa, na yenye kujumlisha ina maana aliruka upepo ukimkandamiza. Mtu wa nafasi ya 12 mwenye nyongeza kubwa kwenye safu hiyo ndiye wa kumtazama wikendi inayofuata.