Jua la machipuko halipashi bahari joto kwa siku moja

Kila majira ya machipuko, katika nchi zenye baridi kali, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu ya wavuvi: siku ya kwanza hewa ikipata joto, samaki wote husogea ufukweni na kula chambo. Si kweli.

Kupasha kilo moja ya maji huhitaji joto takriban mara 4 ya kilo moja ya hewa, ndiyo maana bahari huchelewa. Na miili ya samaki wengi hufuata joto la maji waliyomo: yakiwa baridi, mmeng'enyo hupungua kasi, nao hula kidogo.

Mkanganyiko unaeleweka, maana kuna mahali ujumbe huo huonekana kutimia. Maji yakipwa mchana, tope jeusi la hori (mkono mdogo wa bahari unaoingia nchi kavu) huanikwa juani. Yakijaa tena hupita juu yake na kupata joto, na samaki huyafuata. Ukisogea kidogo tu, kwenye mkondo unaoleta maji ya bahari kuu, huenda mshipi usiguswe kabisa.

Pima mwenyewe. Funga kipimajoto kwenye kamba, kizamishe mita moja kwa dakika chache, asubuhi na alasiri, palepale, siku kadhaa mfululizo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni watu kudanganywa na hewa tamu wakaacha jaketi la kuokoa maisha. Maji ya chini ya nyuzi 15 za Selsiasi humshtua aliyeanguka, akaanza kuhema bila kujizuia na hata kuyavuta maji mapafuni. Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo usiusambaze; mwombe aliyekutumia apime maji kwanza.