Kaumia mchezo gani? "Ah, si mchezo, halaiki"

Fomu yetu ya mgonjwa mpya ina visanduku vinne mbele ya neno "chanzo": ajali ya barabarani, kazini, michezoni, mengineyo. Mwezi uliopita baba mmoja alimleta bintiye wa miaka 14. Mkono wa kulia ulikuwa umetolewa plasta juzi yake, umekonda, na kifundo kinakataa kukunjika. Nikauliza kaumiaje.

"Kaanguka mazoezini."

"Mazoezi ya mchezo gani?"

"Ah, si mchezo, daktari. Halaiki."

Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, lakini hilo nimeshachoka kulisahihisha. Kilichonishughulisha ni mkono wangu mwenyewe. Kalamu ilikuwa tayari juu ya "michezoni", na aliposema vile ikahama yenyewe hadi "mengineyo". Kazi hii naifanya mwaka wa 11 sasa hapa Unguja, na nilipokuwa msichana kule Wete nilisimama juu ya mabega ya wenzangu kwenye halaiki, yale maonyesho ya watoto wengi uwanjani siku za sherehe, misimu miwili. Hata mimi!

(Baba mtu ameniruhusu niandike habari hii, mradi nisitaje jina wala skuli.)

Wiki ile ile, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, shemeji yangu akatupa video ya wasichana wa Kimarekani, wale washangiliaji wenye sketi fupi na vishada vya nyuzi mkononi, wanamrusha mwenzao juu mpaka ukadhani hatorudi. Chini yake kaandika: "Huu nao mchezo? Bingwa anapatikanaje, kwa kucheka?" Mwengine akajibu: "Mie natafuta kazi ya urefa hapo." Hili la pili lilinichekesha, sitasema uongo. Kisha nikamkumbuka yule mtoto niliyemtia kwenye mengineyo, kicheko kikanikauka.

Mzaha wenyewe hatukuupika sisi. Umetujia tayari kutoka Marekani, kwenye filamu na tamthilia za skuli: msichana mrembo, kichwa kitupu, jeuri kwa wasio wazuri, yuko pembeni ya uwanja kwa ajili ya wanaume wanaocheza. Aliyekulia Micheweni bila ya kuona mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani naye anamjua mtu huyu.

Sasa sikiliza asili yake. Tarehe 2 Novemba 1898, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell, alisimama mbele ya watazamaji akaongoza mayowe ya kuipa nguvu timu. Ushangiliaji wa kupangwa unahesabiwa umeanzia hapo, na ulikuwa kazi ya wanaume. Kuongoza mayowe ilikuwa sifa, alama ya kijana mwenye sauti na mwenye kufuatwa. Wanawake waliingia pale pale Minnesota mwaka 1923, na wakawa wengi zaidi pale Vita Vikuu vya Pili vilipowazoa wavulana vyuoni. Hata vile vishada, ambavyo kila mtu anavihesabu kuwa mapambo ya kike, mwenye hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya mwaka 1971 ni mwanamme wa Texas, Lawrence Herkimer.

Marais wanne wa Marekani wamepita humo. Franklin Roosevelt aliongoza shangwe Harvard. Dwight Eisenhower, goti lilipomharibikia kwenye futiboli kule West Point, akahamia kwa washangiliaji. Ronald Reagan na George W. Bush nao wamo. Sijapata kusikia mtu akisema Eisenhower aliongoza majeshi Ulaya kwa kichwa kitupu kwa kuwa ujanani alipiga mayowe pembeni ya uwanja. Na angalau wavulana wale walikuwa wanapiga kelele tu. Wasichana wa leo wanapinduka hewani na kudakwa. Kazi imezidi ugumu, na wakati huo huo heshima imepungua.

Si kwamba sitaki tashtiti. Kuna kichekesho kimoja cha miaka ya 1990 katika kipindi cha televisheni cha Marekani, Saturday Night Live: mwanamme na mwanamke walioachwa nje ya timu ya washangiliaji wanaamua kushangilia wenyewe popote watakapopata nafasi, hata kwenye mashindano ya chesi. Kile nakipenda. Kinachochekwa pale ni hamasa iliyokosa pa kwenda, jambo ambalo kila mmoja wetu analo nyumbani kwao. Na sisi huku tunajua vizuri kuwa mshangiliaji anaweza kuwa mwenye kisu mwenyewe. Nenda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Wanaume wanachapana kwa migomba, wanawake wamevaa nguo zao nzuri wanaimba. Zisikilize nyimbo. Mgomba unaacha alama siku mbili. Baadhi ya vile vijembe mtu anaondoka navyo mpaka Mwaka mwengine.

Kinachonikera ni hilo la "si mchezo", na Kiswahili chetu kinalifanya liwe kioja zaidi. Mpira ni mchezo. Ngoma ni mchezo. Masihara ni mchezo. Hata pesa za kina mama za kuzungushiana kila mwezi ni mchezo. Vyote hivyo vimeingia, ila mtoto aliyesimama ghorofa ya tatu ya miili ya watu!

Chukua karatasi tufanye hesabu, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Mtu akianguka kutoka mita 3 anafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa, awe mnene au mwembamba. Kasi hiyo lazima iishe, na swali ni iishie katika umbali gani. Kwa makadirio, gawa urefu aliouanguka kwa umbali anaotumia kusimama. Akiangukia godoro linalobonyea sentimita 20, ni 300 kwa 20, yaani 15: kwa kitambo kidogo mwili unabebeshwa mara 15 ya uzito wake. Utauma, utaondoka nao. Akiangukia uwanja wa skuli zetu, udongo ulioshindiliwa na vijiwe vya matumbawe vimechomoza, tuupe sentimita 2 kwa hisani. Ni mara 150. Na kwa desturi mzigo wote huo unapita kwanza kwenye mkono, kwa sababu binadamu akianguka ananyoosha mkono bila ya kufikiri. Ndivyo mfupa wa yule binti ulivyovunjika, hapo juu kidogo ya kifundo.

Rudi sasa kwenye video ya shemeji, lakini usimtazame aliye juu. Tazama chini. Wawili wameshikana vifundo vya mikono, wametengeneza mraba mfano wa kigoda, na yeye kapanda juu yake miguu yote miwili. Wa nyuma kamshika. Wote wanashuka pamoja kwa magoti, na ni magoti yanayomrusha. Atakayetegemea mabega ataniona mimi ndani ya mwezi. Akiwa hewani wao hawapumziki, wanamfuata kwa macho na kusogea chini yake. Akirudi wanampokea juu, mikono imenyooshwa kumwendea, na wanashuka naye kwa magoti mpaka usawa wa kiuno. Huo ni umbali wa sentimita 60 hivi. 300 kwa 60 ni 5. Mara 5 badala ya 150. Godoro lao ni wao wenyewe, na ni godoro linalochoka, linalotoka jasho, na likichelewa nusu sekunde halipo. Mazoezi yote yale kwa onyesho la dakika mbili na nusu.

Wakikosea, wanakosea vibaya. Kituo cha Marekani kinachofuatilia majeraha makubwa ya michezo, chenye kumbukumbu tangu 1982, kilikuta kwamba katika majeraha mabaya kabisa ya wanafunzi wa kike, ya fuvu, shingo na uti wa mgongo, zaidi ya nusu yalitoka kwenye ushangiliaji. Nisitie chumvi: ukihesabu majeraha yote, makubwa kwa madogo, ushangiliaji hauko juu. Shida ni kuwa ule mkosi wa nadra ni wa shingo.

Machi 2006 mshangiliaji mmoja wa chuo kikuu huko Illinois Kusini alianguka kutoka juu ya piramidi mbele ya watazamaji wa kikapu, akaangukia kichwa. Pingili ya shingo ilivunjika. Akiwa amefungwa kwenye machela anatolewa, bendi ikapiga wimbo wa timu, naye akaanza kufanya ishara za mikono, amelala chali, shingo imefungwa. Uwanja mzima ukamshangilia. Wengine wanaisimulia kama habari ya ushujaa. Mimi nikiitazama naona mtu aliyefunzwa kuwa maumivu yake yasionekane, kwa sababu nimefunzwa hivyo hivyo. Msimu wangu wa pili niliteleza kutoka bega la mwenzangu nikaangukia nyonga. Mwalimu wa mazoezi, ambaye simtaji, alisema: "Inuka, usiniharibie mstari." Niliinuka. Na nilicheka, wallahi, meno yote nje, mpaka kwenye gari la kurudi.

Baada ya ajali ile, mirusho na piramidi za namna hiyo zilipigwa marufuku kwenye mechi za kikapu za vyuo pasipo godoro. Lakini godoro, mwalimu mwenye mafunzo na mtu wa huduma ya kwanza ni vitu vinavyofuata jina. Ndiyo maana mwaka 2012 madaktari wa watoto wa Marekani, na mwaka 2014 chama cha madaktari wa nchi hiyo, walitaka ushangiliaji uitwe mchezo rasmi. Hawakuwa wanatafuta sifa za mtu. Ukiitwa mchezo, unaingia kwenye kanuni za usalama za michezo.

Mahakama nayo ilishaulizwa. Chuo Kikuu cha Quinnipiac kilitaka kuifuta timu ya voliboli ya wanawake ili kupunguza matumizi, na kuweka ushangiliaji wa mashindano mahali pake. Wachezaji wa voliboli wakashitaki. Mwaka 2010 jaji akasema ushangiliaji bado haujafikia kuhesabiwa mchezo mbele ya sheria ya Marekani ya usawa wa wanawake na wanaume katika elimu: hauna msimu uliopangika wala kanuni zinazofanana, ingawa siku za mbele huenda ukafika. Hukumu hiyo inarushwa sana na wenye kejeli. Mimi naiona ya haki. Jaji hakuwacheka wasichana, alikikatalia chuo kutumia kundi moja la wasichana kulifukuza jengine. Julai 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua kikamilifu shirikisho la dunia la ushangiliaji. Shemeji yangu hana habari.

Na huku kwetu mambo hayo yanakwenda kwa mizani miwili. Jioni pale Forodhani vijana wa makachu wanajirusha kutoka ukutani, wanapinduka na kuingia baharini, wageni wanapiga picha, na wapita njia wanasema hawa ni mashujaa. Hakuna anayewauliza bingwa anapatikanaje. Lakini wao nao nikiwapata ni wa mengineyo. Maji yetu yakiwa ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, baina ya kujaa na kupwa kuna tofauti ya karibu mita 4. Ukuta ule ule uliokuwa salama saa kumi, saa nne usiku una mchanga chini yake. Wanajua, ni watoto wa mjini. Ila siku moja mmoja anahesabu vibaya, na mwisho wa mwezi tunapojumlisha fomu, hakuna anayeuliza ndani ya mengineyo mna nini. Hilo ndilo linalonifanya niandike kirefu hivi kwa ajili ya alama moja ya kalamu, ambayo kesho yake, kwa taarifa yenu, niliirekebisha.

Yule binti anaendelea vizuri. Kwanza kiganja ukutani, kisha mezani, wiki ya sita sakafuni na uzito juu yake. Akaniuliza kama atarudi. Nikamwambia baba mtu: atarudi kwa sharti, kuwe na kitu laini chini na watu wanne wanaojua kudaka. Baba alinuna siku mbili. Siku ya tatu akapita kwa mafundi makochi wa Mwanakwerekwe, akarudi na magunia ya mabaki ya sponji, wakashona turubai.

Jumamosi nilikwenda kuwaangalia. Mtu wa nne alikosekana, baba akasogea mwenyewe, kanzu imekunjwa na kuchomekwa. Nikamweka nyuma.

"Usimtazame uso," nikamwambia.

"Sasa nimtazame wapi?"

"Kiunoni. Kiuno kikihama, ujue yeye keshakwenda."

Binti akapanda, ghorofa moja tu, mabegani. Wakahesabu mpaka nane. Alipoteremka, wasichana waliokaa kivulini wakapiga makofi, na baba akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hivi alikuwa anacheka?"

Sikuweza kumjibu. Na mimi nilikuwa natazama kiuno.