Kingamwili ya UCHL1 kwenye ubongo wa panya: usiamini haraka ule mstari wa kilodaltoni 25

Wanafunzi wengi wanaoanza utafiti wa ubongo wa panya wanatuletea picha ya westani bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa, alafu kingamwili inaonyesha ile unayoitafuta) wakiwa na furaha kweli, mstari mweusi upo palepale kilodaltoni 25 (kipimo cha ukubwa wa protini), wanasema kimeng'enya cha UCHL1 tumekipata, na mimi swali langu la kwanza ni hilihili kila siku: kingamwili yenu imetengenezwa kwa mnyama gani?

Kwa ufupi tu, seli ikitaka kuondoa protini iliyochakaa inaibandika yubikwitini, kaprotini kadogo ka asidi amino 76, alafu proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini, inaikatakata (kazi hii ndo iliwapa Ciechanover, Hershko na Rose Nobel ya kemia 2004). Sasa kuna vimeng'enya vya kuibandua hiyo yubikwitini ili itumike tena, na UCHL1 ni kimojawapo. Kwenye ubongo imejaa sana, inakadiriwa asilimia 1 hadi 2 ya protini zote zinazoyeyuka, ipo pia kwenye korodani na ovari. Watu wa patholojia wanaiita PGP 9.5, ni hiyohiyo, kwahiyo usiagize mbili ukidhani ni vitu tofauti.

Shida inaanza hapa. Ukitumia kingamwili iliyotoka kwa panya juu ya tishu ya panya, ile kingamwili ya pili, yenye alama inayofanya mstari uonekane, inatafuta kingamwili za panya na haitachagua, itashika na zile za panya mwenyewe zilizobaki na damu ndani ya tishu. Na hizo ukizichemsha kwenye bafa (maji ya kuandalia sampuli) zinaachana vipande viwili, kizito cha kilodaltoni 50 na chepesi cha 25, yani kile chepesi kinakaa palepale UCHL1 inapokaa! Mtu anaweza kupima mabaki ya damu mwezi mzima akaandika ripoti ya kimeng'enya, na hilo linaniuma kwa sababu kuna wanyama wamekufa kwa ajili ya ile data.

Kwahiyo chukua kingamwili ya sungura, suuza damu kwa kupitisha maji ya chumvi kwenye moyo kabla ya kutoa ubongo, na kila mara acha kipande kimoja cha membreni (karatasi inayobeba protini za bloti) kipate kingamwili ya pili peke yake, kikitoa mstari basi umeshajua. Weka na ini pia, lina UCHL1 kidogo mno lakini damu tele, mstari mnene wa 25 pale ni wa kutilia shaka. Uliza vilevile kingamwili inashika sehemu gani ya protini maana UCHL3 ni ndugu yake wa karibu, zaidi ya nusu ya mfuatano wao unafanana na ukubwa ni karibu sawa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni panya wa gad, ukoo wenye hitilafu ya jeni kutoka Japani, 1999 ilionyeshwa kwamba jeni lao la Uchl1 limepoteza eksoni 7 na 8 (vipande vya jeni vyenye maelekezo ya protini), protini haionekani na miguu ya nyuma inadhoofika. Kingamwili ikiona kitu kwa gad, inaona kitu kingine.

Na kama kingamwili yako ni polikloni, yaani mchanganyiko wa kingamwili kutoka damu ya mnyama, loti mpya ikija ipime upya kabla hujaigusisha na sampuli zako, kwa sababu inaweza kuwa imetoka kwa sungura mwingine kabisa.