Kijana alivuta bangi zamani, kibali cha usalama Marekani atapata?

Hili swali tunaletewa sana hapa ofisini Mombasa, hasa na wazazi ambao watoto wao walienda Marekani, wengine wako jeshini, wengine washapata uraia na sasa wanaomba kazi ya serikali ya huko ambayo inataka kibali cha kuona siri. Mama anauliza kwa sauti ya chini, mwanangu zamani alikuwa akivuta, si ndio basi tena? Si basi. Kuvuta zamani peke yake mara nyingi hakumtoi mtu, kinachowatoa wengi ni uongo, na ushauri wa maskani siku zote ni ule ule, ati andika hapana, nani atajua.

Watajua bwana. Fomu inaitwa SF-86, inauliza habari ya dawa za kulevya kwa miaka 7 iliyopita, na kama ulitumia wakati tayari una kibali basi hapo hakuna cha miaka 7, wanataka tangu mwanzo. Mpelelezi anaweza kwenda kwa majirani, mabosi wa zamani, hata mliyekaa naye chumba kimoja chuoni. Kudanganya makusudi kifungo chake kinafika miaka 5, na ajabu ni kwamba fomu yenyewe imeandikwa pale kwenye sehemu ya dawa kuwa ukisema kweli jibu lako halitatumiwa kukushtaki kwa jinai, sasa uongo wa nini?

Wanaoamua wanafuata mwongozo ulioanza Juni 2017. Wanaangalia mara ya mwisho lini, ulitumia sana ama ulionja, na kama wale wa kuvuta nao umeachana nao. Aliyekuwa kwenye unga akamaliza matibabu na daktari akamthibitisha, naye husikizwa. Anayetumia mpaka sasa hapana, sheria ya 2008 inamfungia mlango wa kibali, na asilete habari ya bangi ni halali California, serikali kuu haijaihalalisha.

Sasa miraa, hapa ndipo watu wetu wanapotea. Kwetu ni zao la biashara, hata kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, aina ya miraa, Mei 2024 mahakama ilisimamisha. Lakini Marekani kathinoni, ile iliyo ndani ya majani mabichi, iko daraja moja na heroini kisheria. Kwa hivyo jaba, yaani miraa, la Majengo kabla hujasafiri na jaba la Minneapolis si kitu kimoja, ukiulizwa eleza ulikula wapi na mwaka gani, usichanganye. Na kuna jamaa wanatumiwa ile kavu kwa posta imeandikwa hina! Hapo si kutafuna tena, ni kuingiza dawa nchini, na fomu ina swali lake.

Mwenye grin kadi anaweza kuingia jeshi ila kibali kamili hutolewa kwa raia. Yeye ana shida nyingine, sheria ya uhamiaji inaweza kumzuia kuingia Marekani kwa kukiri tu, hata kama hajawahi kushikwa. Asidanganye, lakini kabla hajajibu chochote kuhusu dawa aonane kwanza na wakili wa uhamiaji, si yule binamu anayejaza watu fomu.